Mama Mukwe na Kioo cha Volkswagen

Mama Bulonza alisimama mbele ya mulango wa gari, mwavuli wazi ingawa hakukuwa hata tone la mvua, akakataa kupanda.

"Yolande," akamuambia binti yake, "ambia ule mutu yako, hiki kioo kinaniangalia."

Ule mutu alikuwa Placide, mume wa Yolande. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, amegeuza mugongo, na alisikia yote. Lakini kwetu huku mukwe na mama mukwe hawaangaliani usoni, hawaitani jina, hawasemezani. Si ugomvi, usifikiri vibaya. Ni heshima, na heshima yenyewe ilikuwa imefikisha mwaka wa nane. Muda wote huo Placide alimjua mama mukwe wake kwa visigino, kwa sauti, na kwa ule mwavuli mweusi. Mama akitaka, anaweza kuyamaliza: mukwe analeta mbuzi, mama anapokea, anafunua uso, basi. Placide alipeleka mbuzi mwaka wa tatu. Mama Bulonza alikula mbuzi, akasifu mafuta yake, na uso hakufunua.

"Muambie mama, kioo hakina macho," Placide akaambia ukuta.

"Mama, anasema kioo hakina macho."

"Nimesikia. Muambie macho iko yake."

Na alisema kweli. Volkswagen ile ilikuwa ndogo, na ukikaa nyuma, kile kioo cha katikati kinamuletea dereva uso wako wote, na meno juu. Mama Bulonza alikuwa akae nyuma pamoja na mujukuu wake Martine, kutoka Bukavu mpaka mbele ya Kalehe, uso kwa uso na mukwe saa nzima na zaidi! Aibu gani hiyo? Basi Placide akaingiza mukono, akageuza kioo kikaangalia dari. Cha nje kilishavunjwa na pusupusu moja, mukokoteni wa soko la Kadutu, tangu Pasaka. Sasa wewe niambie, dereva asiye na kioo hata kimoja atajua nini habari za nyuma yake? Hakuna aliyeuliza. Wote walifurahi tu kwamba heshima imepata nafasi ya kukaa.

Na juu ya gari alilala Bikira Maria.

Alikuwa sanamu mupya wa plasta, urefu wake kama Martine wa miaka sita, vazi la bluu, mikono wazi. Wamama wa kijiji cha Nyakabungu walimutuma Mama Bulonza aje mujini kumuchagua, kwani yule wa zamani, wa mbao, aliliwa na muchwa mpaka magotini. Sikukuu ya kanisa lao ilikuwa leo, tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, siku ya Bikira kupalizwa mbinguni. Misa ni saa tano, na padre hataanza maandamano kabla sanamu haijafika. Mama Bulonza alikuwa amelala kwa dada yake kule Kadutu, maana mama mukwe halali nyumbani kwa mukwe wake. Bikira hakuwa na shida hiyo, akakaa siku tatu juu ya kabati la Placide.

Hapo kwenye kabati ndipo balaa ilipoanza. Ile ilikuwa miaka ya serikali kukataza majina ya watakatifu. Ofisini Placide aliitwa citoyen, yaani mwananchi, Bisimwa, na alipovua abacost, lile koti la serikali, jioni alirudi kuwa Placide. Sasa juzi, citoyen huyu alisema ampanguse Bikira vumbi kidogo, afanye mema. Akampangusa vizuri, kichwa, mabega, mikono, na kidole kidogo cha mukono wa kuume kikabaki ndani ya kitambaa. Ee Mungu wangu! Alitoka jasho mbele ya kabati lake mwenyewe. Akakibandika na kole ya ofisi, ile ya kubandika ma-dossier, na ufa ulipoonekana bado, akaufunika kwa dawa ya meno. Hakuambia mutu, hata Yolande.

Kwa hiyo asubuhi ile Placide alitaka kitu kimoja tu duniani: Bikira afike kanisani muzima, na Mama Bulonza aseme, hata kama ni kwa kuambia mwavuli, kwamba ule mutu amefanya vizuri. Alimufunga Bikira ndani ya matela ya Martine, lile godoro lake dogo, akamukaza juu kwa mipira ya baiskeli, akapiga matela mukono mara mbili. "Huyu haendi popote," akasema.

Wakaondoka. Walipita Kasha kungali na baridi, ziwa likatokea upande wa kuume, na barabara ikaanza mashimo yake. Yolande, mbele, alikuwa na kazi ya kupeleka maneno.

"Muulize kama gari yake inajua kwamba njia iko na mashimo," Mama Bulonza anasema.

"Placide, mama anauliza kama..."

"Nimesikia. Muambie mama gari inajua, lakini mashimo haijui gari."

Nyuma kukasikika kitu kama kicheko, kikamezwa ndani ya kitenge. Placide alikisikia na moyo wake ukaruka. Miaka minane hajapata hata nusu ya kicheko! Akakanyaga mafuta kwa furaha, na kwenye kile kilima kirefu cha mashamba ya chai, Volkswagen iliruka shimo moja, ikashuka, ikaruka lingine.

"Tate, gari imekuwa nyepesi," Martine akamuambia bibi yake.

"Ni ju ya baba yako kujua kuendesha," Placide akawahi kujibu.

Walifika Kalehe saa tatu na nusu. Martine alitaka kukojoa, Yolande akashuka naye, na aliporudi alisimama akiangalia juu ya gari. Placide akashuka. Juu ya gari kulibaki mupira mumoja wa baiskeli, unaning'inia.

Ndani ya gari mwavuli ulifunguka wenyewe, pwaa, humo humo kwenye kiti cha nyuma, ukajaza gari yote. Chini yake sauti ya Mama Bulonza ikatoka polepole.

"Yolande. Muulize Bikira iko wapi."

Yolande akamugeukia mume wake. Placide aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Aligeuza gari, akarudi njia ile ile, akichungulia kila mufereji. Alijiona tayari amebeba vipande vya plasta ndani ya matela, anaviingiza kanisani mbele ya wamama wote wa Nyakabungu. Alijua pia kitakachofuata: mbuzi hata kumi hawatafunua uso ule tena.

Kwenye kilima cha chai walikuta watu. Watu wengi! Barabara ilikuwa imefungwa, wamama wa kuchuma chai wameweka vikapu chini, wanaimba na kupiga makofi. Katikati yao, juu ya kikapu kilichopinduliwa, amesimama Bikira Maria, muzima kabisa, ameshavikwa maua, na mushumaa unawaka miguuni mwake. Pembeni, matela ya Martine imekunjwa vizuri kama nguo ya padre.

"Amekuja mwenyewe!" mama mumoja akamulilia Yolande dirishani. "Leo ni siku yake ya kupanda mbinguni, lakini amepita kwanza huku kwetu kutuaga!"

Mama Bulonza alitoka ndani ya gari akitanguliza mwavuli.

"Kutuaga gani? Huyu ni Bikira ya Nyakabungu! Mimi nilimuchagua! Yeye anapanda, hashuki! Mulisoma katekisimu gani?"

Nyimbo zikanyamaza. Mwanaume mumoja mwenye bereti akasogea. Alikuwa Raphaël, katekista wa shamba lile, mutu wa taratibu.

"Mama, usikasirike. Hapa kitu kikiokotwa, tunarudisha kwa ule anayejua alama yake. Tulirudisha hivyo baiskeli, tukarudisha hivyo nguruwe. Taja alama, utamupata."

"Alama?" Mama Bulonza akajivuta, mwavuli ukapanda juu. "Hana alama! Nilimuangalia mbele na nyuma, kwa mwanga, saa nzima, mupaka mwenye duka akachoka. Hana hata mukwaruzo!"

Raphaël akatikisa kichwa kwa huruma.

"Basi haiko yako, mama. Huyu wetu ana alama."

"Anayo!" wamama wakaitika.

Yolande alishika kichwa. Mwavuli wa Mama Bulonza, kwa mara ya kwanza, ulitetemeka. Placide aliuona kutoka nyuma ya gari alikokuwa amejificha ili asimuangalie mama mukwe wake. Alijua alama. Akinyamaza, mama anarudi kijijini mikono mitupu, mwanamuke aliyetumwa na wenzake akapoteza Bikira njiani. Akisema, mama anajua kwamba mukwe wake alivunja mutakatifu, akaficha, kisha akaenda kumwangusha. Njia ya tatu haikuwepo. Aliitafuta sana, niamini, mutu wa ofisi haachi hivi hivi.

Akatoka nyuma ya gari, akawapa mugongo wote, akasema akielekea chai.

"Kidole kidogo. Mukono wa kuume. Kilivunjika. Kimebandikwa na kole, na juu yake kuna dawa ya meno."

Raphaël akapiga magoti, akashika kidole, akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Dawa ya meno kweli!"

"Aye, mama yangu!" akapiga kelele ule aliyelia dirishani. "Na sisi tulikuwa tunabusu tukisema ndiyo harufu ya mbinguni!"

Kilima chote kilianguka kicheko. Wengine walikaa chini barabarani. Martine alicheka bila kujua sababu, Yolande alicheka akilia. Placide peke yake hakucheka, na chini ya mwavuli pia hakukutoka kitu. Kicheko kikapungua, kikaisha, watu wakaanza kuangalia mwavuli.

"Yolande. Muulize alivunja siku gani."

"Juzi," Placide akaambia chai, bila kungoja. "Nilikuwa nampangusa vumbi."

"Muulize ju ya nini hakusema."

Placide akakung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Niliogopa. Muambie niliogopa. Mama yangu alikufa nikiwa mudogo kuliko Martine, hata uso wake sikumbuki. Mama niko naye ni huyu. Uso wake pia siujui, lakini iko hapa, nasikia anakohoa, nasikia anasema. Niliogopa nitamupoteza na yeye, ju ya kidole."

Yolande hakurudia yale maneno. Hakukuwa na haja. Mama Bulonza alisimama pale mpaka mushumaa wa miguuni mwa Bikira ukazimwa na upepo. Kisha akasema, "Saa inaenda. Padre anangoja," akageuka, akaenda zake kwenye gari.

Raphaël akamutoa Bikira juu ya kikapu. Wamama wa chai walikubali, lakini kwa sharti: amalize nao kwanza ule wimbo waliokatishwa, na kila mwaka siku hii ile gari ipite ipige honi. Placide akaahidi yote. Aliposhika matela aanze kumufunga tena juu, sauti ikatoka ndani ya gari.

"Juu hapana! Mulete hapa."

Wakamupakatisha Mama Bulonza Bikira kwenye magoti, maua na yote, kichwa cha Bikira kikigusa dari, Martine amebanwa pembeni. Placide alikaa kwenye kiti chake, shingo ngumu, macho mbele. Akawasha gari.

Ndipo alipoona mukono. Ulipita karibu na sikio lake, mukono wa mwanamuke aliyelima maisha yake yote, ukashika kile kioo kilichokuwa kinaangalia dari. Ukakigeuza taratibu. Dari ikapita, dirisha likapita, shavu la Bikira likapita, na kioo kikasimama.

Uso ulikuwa mudogo kuliko alivyowaza. Una alama ya chale kwenye paji, na macho ni ya Yolande, yale yale, yameongezwa tu miaka. Macho yalikuwa yamelowa, na yalimuangalia moja kwa moja. Mwavuli ulikuwa umefungwa, umelala chini ya miguu.

"Placide," akasema Mama Bulonza. Yolande aligeuka ghafula, maana jina lile hakuwahi kulisikia kwenye mudomo wa mama yake. "Ule mbuzi ulileta alikuwa muzuri. Lakini mbuzi kila mutu analeta." Akamupanga Bikira vizuri kwenye magoti. "Sasa angalia nyuma, mutoto yangu. Uko na wamama wawili humu. Usiangushe hata mumoja."

"Ndiyo, mama," Placide akajibu, akiangalia kioo, na magari mengine yaliyokwama nyuma yao katikati ya njia yakaanza kupiga honi.