Ada ya Kuwasha Moto

Mwokaji alitoa trei ya mwisho tanurini jua likiwa limeshachungulia. Aliigonga pembeni ya meza mikate iachane na bati, akavua fulana iliyomgandia mgongoni, akaenda kusimama kwenye foleni ya dirisha la mhasibu. Asubuhi nyingine angekuwa anasinzia kwa kusimama kama farasi. Leo alikuwa macho, maana siku hiyo anakwenda likizo.

Wenzake walikuwa wamemcheka wiki nzima.

"Likizo ya kwenda kulala porini?" alisema mkandaji wa unga, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. "Watu tunahangaika tutoke kwenye mabati tuingie kwenye matofali, wewe unalipa utoke kwenye matofali uingie kwenye turubai!"

Foleni nzima ilicheka, na yeye akacheka nao. Utani ulikuwa mzuri, halafu hakutaka kueleza. Binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa anaondoka Jumatatu. Shangazi yake, dada mkubwa wa mwokaji, alikuwa amejitolea kumlipia shule ya sekondari katika mji wa mbali, kwa sharti dogo tu kwamba binti akae kwake na "kumsaidia vikazi vya nyumbani." Shangazi ana nyumba ya vyumba saba na amemfukuza mfanyakazi wake mwezi uliopita. Mwokaji hakuwa mtoto. Alijua vikazi hivyo vina ukubwa gani. Lakini ada ya sekondari aliyoisikia ingemaliza mshahara wake na wa jirani yake.

Walipomwambia binti, hakulia. Aliuliza kitu kimoja: kabla hajaondoka, wanaweza kwenda kulala kwenye hema pale ziwani, wote watatu, hata usiku mmoja? Darasani kwao kulikuwa na watoto waliokwenda. Walisema asubuhi unafungua zipu na maji yako pale, mbele ya miguu.

Mhasibu alisukuma bahasha kupitia tundu la dirisha. Mwokaji aliihesabu palepale, akairudisha kwenye tundu.

"Hii imepungua, bosi."

"Siku zako mbili za likizo zimekatwa. Na mikate iliyoungua Jumanne."

"Likizo si ni ya malipo? Na Jumanne umeme ulikatika. Trei zilikwama ndani, mlango haufunguki bila umeme."

"Likizo ya malipo huombwa mapema, ikapitishwa. Yako bado iko mezani kwa meneja." Mhasibu alikuwa ameshainamia jina la mtu mwingine. "Na umeme hauna mshahara hapa, mzee. Wewe ndiye unao. Anayefuata!"

Nyumbani, mkewe alikuwa anachemsha mayai. Yeye ni msusi; mwaka mzima alikuwa amesuka nywele za watu kibarazani mpaka giza linamfukuza, na kila kichwa kilitoa kitu kidogo cha kuweka kando. Bajeti ya safari ilikaa kichwani mwake. Kila walipojaribu kuiandika ilionekana haiwezekani, basi wakaacha kuiandika. Hema, nauli, kiingilio, chakula, na akiba ya dharura. Vitano tu, kama vidole, alizoea kusema.

Alimtazama mumewe usoni kabla hajaitazama bahasha.

"Imekatwa," alisema.

"Imekatwa."

"Basi hapo akiba ndiyo imekwenda."

"Tutabana."

"Tubane wapi tena, baba? Tumebana mpaka mbavu zinagusana." Kisha akasikia binti anaimba nje huku anakunja mablanketi, akashusha sauti. "Haya. Nenda kaoge. Tukichelewa basi la saa nne, tumekwisha."

Hema walikuwa wameliwekea oda, au walidhani wameliwekea, kwa mzee mmoja mwenye duka la kukodisha viti vya harusi, maturubai ya misiba na mahema machache ya watalii. Lile dogo la watu watatu halikuwepo.

"Limechukuliwa jana," alisema mwenye duka.

"Lakini sisi tuliweka oda," alisema msusi. "Nilikuja mwenyewe, ukaniambia sawa mama."

"Oda bila pesa ni salamu, mama. Nami nilikuitikia vizuri." Alivuta mfuko mrefu kutoka chini ya meza. "Lipo hili la watu sita. Bei yake iko juu kidogo. Na kuna dhamana, mnarudishiwa mkilileta safi. Likiwa na tope, hairudi."

"Dhamana hukuitaja," alisema mwokaji.

"Hukuuliza."

Walisogea pembeni wakanong'onezana. Nyama iliyokuwa ya kuchomwa jioni iliondoka kwenye bajeti. Soda zikaifuata. Binti alisimama mlangoni amebeba sufuria kichwani kama kofia, akijifanya hasikii. Walilipa. Kwenye basi, kondakta aliupiga mfuko wa hema teke la kirafiki, akasema mzigo wa namna hiyo ni abiria, tena abiria mnene. Wakaukatia tiketi.

Hata hivyo, njiani walifurahi, na hilo lisemwe. Mwokaji alisinzia akaegemea dirisha, binti akamwekea blanketi begani; msusi akamenya yai akalikata vipande vitatu kwa uzi wa kusukia, na wote wakamsifu kwa ufundi wake. Kwa saa tano hizo walikuwa watu wanaokwenda likizo.

Basi liliwashusha kwenye njia panda, wakatembea na mizigo yao juani mpaka kwenye lango la kambi. Kulikuwa na kizuizi cha chuma, kibanda cha karani, na ubao wa bei uliopakwa rangi zamani. Juu ya bei za rangi yalikuwa yamebandikwa makaratasi mapya. Msusi aliusoma ubao mara moja, akaurudia kwa kidole.

"Zimepanda lini, dada?" mwokaji alimuuliza karani, msichana aliyekuwa anajipepea kwa jalada la faili.

"Tarehe mosi."

"Mke wangu alipiga simu hapa mwezi uliopita."

"Ndiyo, mwezi uliopita zilikuwa zile." Alisema bila ubaya wowote. "Mko wangapi? Watu wazima watatu?"

"Wawili na mtoto."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili," alijibu binti mwenyewe, kwa fahari, kabla mama yake hajamfinya.

"Mtoto mwisho kumi. Basi watatu. Hema la watu wangapi?"

"La sita. Lakini tunalala watatu."

"Ada ni ya hema, haihesabu vichwa. Halafu ada ya usafi. Ada ya mlinzi wa usiku. Ada ya kuwasha moto."

"Moto hatuwashi," alisema msusi haraka. "Tuna mayai na mikate. Tutakula vikavu."

"Ni ya lazima, mama. Uwashe usiwashe."

"Yaani nalipia moto ambao sikuuwasha?"

Karani aliinua mabega. Ilionekana alishaulizwa swali hilo mara nyingi, na kwamba siku za mwanzo huenda alikuwa akilijibu. "Mimi naingiza tu, mama. Mashine haikubali kuruka mstari. Na hapa hatupokei pesa mkononi, mnatuma kwa simu. Wakala yuko ng'ambo ile. Na yeye ana makato yake."

Mwokaji alitoa kila alichokuwa nacho mfukoni, akamtazama mkewe. Mkewe akageuka kando, akaingiza mkono ndani ya blauzi na kutoa noti za nauli ya kurudi zilizofungwa kwenye leso. Walijumlisha wakiwa wamechutama nyuma ya mfuko wa hema, kama watu wanaokwepa risasi. Hata kwa kula nauli, hazikutosha.

Alirudi dirishani. Alizungumza kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia kwa meneja.

"Dada yangu, basi waingie wao wawili. Mimi nitalala hapa nje, naegemea ukuta tu. Nimezoea kukesha."

"Hapo ada ya hema haibadiliki, mzee. Bado hamfikishi."

"Basi bila hema. Mtoto aingie na mama yake, alione tu ziwa, nusu saa, wanatoka."

"Kuingia kutwa kunafungwa saa kumi." Alitazama simu yake. Ilikuwa imepita kidogo tu. Alitazama tena, kana kwamba dakika zile chache zingeona haya zirudi nyuma. "Mashine imeshafunga upande huo. Kweli ningekuwa na uwezo..."

Honi ililia. Gari kubwa jeupe lilikuwa limefika kwenye kizuizi, vioo vimefungwa, juu yake wamefunga viti vya kukunja na magunia mawili ya mkaa. Askari wa lango alikimbia, akainua chuma, akapiga saluti. Gari likapita bila kusimama.

"Hao mashine imewakubali?" aliuliza msusi.

"Ni wageni wa ofisi," karani alisema, akainamisha kichwa kwenye kitabu cha risiti ambacho hakuwa na lolote la kuandika humo.

Mwokaji alimfuata askari. Alimwomba awaruhusu walisimamishe hema nje tu, kando ya uzio. Askari alisema mita mia kutoka kwenye uzio ni eneo la kambi vilevile. Anayelala hapo analipa faini, na faini ni kubwa kuliko ada zote. Alisema kwa kunong'ona, akaongeza: "Wangekuwa hawajaja hao wa gari, ningekufichia, kaka. Leo siwezi. Nina watoto na mimi."

Ndipo binti akaja. Alikuwa ametokea upande wa kichaka, alikokwenda akiwaacha wazazi wakibembeleza, na miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Baba, turudi. Nimeshaliona."

"Umeliona nini?"

"Ziwa. Kuna mahali pale uzio umepinda, unaliona lote. Kubwa! Maji yanang'aa mpaka macho yanauma. Nimeridhika."

"Kweli?"

"Kweli baba. Hata ukilala ndani utaona lilelile."

Msusi alimvuta binti akamfuta vumbi kwa leso iliyokuwa na nauli. Mwokaji, akisema anakwenda kujisaidia, alifuata nyayo ndogo mpaka pale uzio ulipopinda. Alipanda juu ya jiwe. Alisogeza matawi kwa mikono yake yenye makovu ya trei. Mbele yake palikuwa na tangi la maji la plastiki, rundo la takataka na ukuta wa nyuma wa vyoo vya kambi. Aliinama, akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Hapakuonekana hata tone. Alisimama pale muda mrefu kuliko haja yoyote ya kujisaidia, na aliporudi alisema, "Ni kweli. Ni kubwa sana."

Binti alimtazama upesi, akaangalia chini.

Hakukuwa na basi la kurudi jioni hiyo. Mfanyabiashara wa vitunguu, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, aliwaonea huruma njia panda na kumwambia dereva wa pikapu yake asimame. Walikaa nyuma naye juu ya magunia, mfuko wa hema katikati yao kama mgonjwa.

"Mmetoka kambini!" alisema yule mama kwa furaha, akiupapasa mfuko. "Mimi napita hapa miaka yote sijawahi kuingia. Hebu nihadithieni. Kulikuwaje?"

Mwokaji alifungua mdomo. Binti alimuwahi.

"Tulilala karibu kabisa na maji, mama," alisema. "Usiku unasikia yanavyolamba mchanga. Baba aliwasha moto, tukachoma nyama. Mama aliogopa, akasema kuna kitu kinatembea nje, kumbe ni bata! Asubuhi ukifungua zipu, maji haya hapa, mbele ya miguu. Yana ukungu juu kama chai."

"Makubwa!" alisema mama wa vitunguu. "Na nyama ilikuwa ya nini?"

"Ya mbuzi," alisema msusi. Alisema akiwa ameigeuzia pikapu yote kisogo, anatazama barabara inavyokimbia. "Niliiloweka tangu juzi."

"Wazazi wazuri hao, mwanangu. Watunze. Na wewe baba, uko kimya, hukufurahi?"

Wote walimngoja. Mwokaji alimwona binti yake amemkazia macho, mikono yake imeshika kamba ya hema kwa nguvu.

"Nilifurahi," alisema. "Ila mbu. Mbu wa pale, mama, usiombe."

Mama wa vitunguu alicheka mpaka gunia likatikisika, na binti naye akacheka, kicheko cha juu mno, kisha akajisogeza akaegemeza kichwa kwenye bega la baba yake.

"Sasa mtakwenda tena lini?"

"Mwakani," alisema binti. "Baba ameshaniahidi."

Jumatatu ilikuwa siku tatu mbele. Shangazi alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama mtoto anajua kupiga pasi.

"Eeh," alisema mwokaji. "Mwakani."