Klachi ya Kigari cha Mama

Klachi ya kigari cha mama yangu iligoma kutoka kwa sababu ya wanaume wawili wasiosalimiana. Mmoja ni kaka yangu. Mwingine ndiye anayevuta shuka lote usiku na kuniacha na baridi.

Kigari chenyewe ni kile cha kubebea wachezaji wa gofu. Mama alikinunua kutoka hoteli moja iliyofungwa, na hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwake. Magoti yalikuwa yamemsusa, na rafiki yake, Bi Miwani, anakaa mwisho wa mtaa, kule kwenye mwinuko. Kila alasiri Mama alipanda kigari, akaenda zake polepole katikati ya barabara huku madereva wakimpigia honi, kwenda kugombana na Bi Miwani. Nasema kugombana kwa kuwa ndiyo kazi waliyokuwa nayo. Waligombana juu ya sukari kwenye chai, juu ya namna ya kukunja mashuka, juu ya nani kati yao alikuwa mrembo zaidi usichanani. Wakishiba maneno, Mama anarudi nyumbani uso umemnawiri.

Tangu kigari kinunuliwe, Bi Miwani alikataa katakata kukipanda. Alikiita toroli. Halafu mwanawe akasema anakuja kumchukua akaishi naye, mbali huko, Ijumaa mchana. Hapo bibi akalegeza msimamo. Alimwambia Mama, "Ijumaa kabla sijaondoka utanizungusha mara moja kwenye hilo toroli lako, usije ukanisema nyuma kwamba niliogopa." Mama akatangaza habari hiyo mtaa mzima. Alifua hadi kitambaa cha kiti.

Na wiki hiyohiyo kigari kikafa. Injini ilinguruma vizuri tu, lakini magurudumu yalikaa kimya kama hayahusiki.

Nimekulia kwenye gereji, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi. Klachi ya mbele ni sahani mbili nzito za chuma zilizovishwa kwenye shafti ya injini. Injini ikienda kasi, sahani zinakaribiana na kuubana mkanda, na mkanda ndio unaozungusha magurudumu. Zetu zilikuwa zimeshikwa na kutu, hazisogei. Dawa ni kuitoa klachi yote, kuisafisha na kuirudisha. Lakini kutu ilikuwa imeingia hadi kwenye shafti, na klachi ilikuwa imeganda hapo kana kwamba imezaliwa nayo.

Mafundi hatukukosa. Gereji iko uani kwa Mama, baba aliiacha, na wanaoifanyia kazi ni hao wawili wangu. Mume wangu wanamwita Taratibu. Huyu hapigi kitu. Boliti ikigoma anaitia mafuta, anaibembeleza, anaikaza kidogo, anavuta kiti, anaisubiri. Kaka yangu wanamwita Radi, na nadhani sihitaji kueleza.

Waliwahi kufanya kazi bega kwa bega, tena kwa vicheko. Kisha siku moja Radi akapasua puli ya mteja kwa nyundo, na mume wangu, mteja yupo, akasema, "Huyu si fundi, huyu ni mpiga ngoma." Kaka akajibu, "Na wewe ni mganga, unaongea na vyuma." Kuanzia hapo kila mtu na lwake. Waligawana hata siku yenyewe: Taratibu anaingia gereji asubuhi, Radi anaingia mchana. Wakikutana getini, mmoja anaangalia mawingu, mwingine anaangalia viatu. Chakula cha jioni tunakula meza moja, na mimi nimekaa katikati kama posta.

"Mwambie kaka yako anisogezee chumvi."

"Mwambie mumeo chumvi iko mbele ya pua yake."

Mimi nasogeza chumvi. Ningefanyaje?

Kwa kuwa mwenye kigari ni Mama, wote wawili walitaka sifa za kukitengeneza. Taratibu alianza. Alifungua boliti ya katikati inayoshikilia klachi, akaingiza mahali pake pula, ambayo ni boliti nyingine ndefu zaidi. Ukiizungusha inasukuma ncha ya shafti, na klachi inalazimika kuja nje. Aliikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akaiacha ikiwa imebana, akaja kula. "Iache ijivute yenyewe," aliniambia. "Chuma nacho kina roho yake."

Kesho yake asubuhi aliingia gereji, akanuna. Klachi ilikuwa palepale. Akakaza upya, akaacha, akaja kula. Siku iliyofuata, hadithi ileile.

Mama alikuwa akikaa kwenye kiti chake barazani, mkoba mapajani, anaangalia mlango wa gereji. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha, maana Mama hulalamika hata mvua ikinyesha vizuri. Mara moja tu aliniuliza, "Ijumaa si ni kesho?" Nikamwambia ndiyo. Nilitamani kulia, halafu nikatamani kumpiga mtu.

Wa kumpiga nilimpata Ijumaa asubuhi. Radi alikuwa amewahi kuja, anakunywa chai jikoni akisubiri zamu yake, na nikamuuliza kwa nini klachi haitoki.

"Mumeo ananipotezea muda," alisema. "Kila nikiingia nakuta ameacha lile liboliti lake limebana mle ndani. Inabidi nilifungue kwanza ndipo nipige."

Niliweka sufuria chini. "Unalifungua?"

"Ndiyo. Nalitupa kwenye kopo. Nitapigaje na takataka ndani?"

Basi nikaelewa. Siku zote hizo mmoja alikuwa anabana asubuhi, mwingine anafungua mchana, na mume wangu akiikuta pula kwenye kopo anairudisha bila kuuliza. Mmoja alikuwa anavuta bila kupiga, mwingine anapiga bila kuvuta. Kama nilivyokuwa nikiona kwa baba yetu, klachi iliyoganda inataka yote mawili kwa pamoja: unakaza pula mpaka iwe imebana, halafu unaigonga kichwani, unakaza tena, unagonga tena. Mafundi wawili wazima wanalijua hilo. Mmoja angemwambia mwenziwe neno moja tu, kigari kingekuwa barabarani tangu Jumatano.

Nilimshika kaka yangu mkono, nikamwingiza gereji, nikafunga mlango kwa ndani na kuutia ufunguo kwenye sidiria. Mume wangu alikuwa amechuchumaa kando ya kigari. Walitazamana, kisha mmoja akageukia ukuta na mwingine akageukia dari.

"Hakuna anayetoka hapa," nikasema. "Taratibu, kaza. Kaka, shika nyundo."

Mume wangu alikohoa. "Mwambie kaka yako, akipiga klachi yenyewe ataipasua."

"Anasema usipige klachi. Piga kichwa cha pula."

"Mwambie mumeo nilikuwa nashika nyundo yeye hajaota ndevu."

"Anasema sawa," nikamwambia mume wangu.

Alikaza. Radi akapiga, ngaa! Vumbi likatuangukia kutoka kwenye paa. Klachi haikutikisika.

"Mwambie akaze zaidi."

"Kaza zaidi."

"Mwambie nimekaza, apige katikati, anapiga pembeni."

"Piga katikati."

"Mwambie..."

Nje nikasikia gari linapita likipanda mwinuko. Mama akaniita kutoka barazani, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Nadhani yule mtoto amewahi kuja kumchukua mama yake." Nikaacha kupeleka salamu zao. Nilisimama tu, mikono kichwani.

Radi akapiga, akatazama, akasubiri nimpelekee ujumbe. Sikuupeleka. Akapiga tena. Kisha, kwa hasira, akasema, "Kaza basi, shemeji, mbona umelala!"

"Nimekaza! Piga, usiibembeleze!"

"Mimi nabembeleza? Mimi?"

"Piga, bwana!"

Akapiga. Ikatoka sauti moja kavu, pwaa, na klachi ikaruka kutoka kwenye shafti, ikamwangukia mume wangu mapajani. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia katika ndoa yetu. Radi akatupa nyundo, akamkimbilia, akamshika mabega. "Shemeji, umeumia? Niambie, umeumia?" Mume wangu akatikisa kichwa huku ameikumbatia klachi kama mtoto mchanga. Ghafla wakakumbuka kwamba hawasemeshani, lakini muda wa kununa haukuwepo. Mmoja alichukua msasa, mwingine mafuta ya taa, na sahani zile zilisuguliwa mpaka zikang'aa, klachi ikarudishwa mahali pake.

Mama alipotoka getini na kigari chake, hakumuaga mtu. Mimi nilimfuata kwa miguu, mara nikikimbia, mara nikitembea. Bi Miwani alikuwa tayari ndani ya gari la mwanawe, mkanda umefungwa, mizigo imepangwa. Alipomwona Mama, alifungua mlango mwenyewe.

"Umechelewa," alisema.

"Panda, acha maneno," alisema Mama.

Walizunguka mtaa mzima, mwanawe akiwafuata nyuma na gari taratibu, hana la kufanya. Niliwasikia mpaka kona ya mwisho. Mmoja anasema kigari kinatikisa figo, mwingine anasema figo zenyewe zilikwisha tangu zamani. Kwenye barabara kuu Bi Miwani akashuka. Walikumbatiana muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikawaona hawana cha kubishania.

Mama alirudi peke yake. Aliegesha kigari uani na kubaki amekikalia, mikono kwenye usukani. Kutoka gereji kelele zilikuwa zimepanda: ni pula iliyoitoa klachi, hapana, ni nyundo, wewe unajua nini, na wewe unajua nini. Nikaanza kwenda kuwanyamazisha.

"Waache," alisema Mama. "Wenzako wana bahati. Mimi kesho nitagombana na nani?"

Nilimtazama pale alipo, na kiti cha pembeni chenye kitambaa kilichofuliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nikapanda, nikakaa.

"Mama," nikasema, "kwa kweli unaendesha vibaya sana."

Aligeuka taratibu, akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni.

"Nani? Mimi?" akasema, na akawasha kigari.