Fundi H. wa Kimamba

Hildegarda alikuwa amepiga magoti sakafuni akikata kitenge cha mteja, mara akasikia hodi. Mlangoni alisimama binti mwenye begi mgongoni na vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, mama. Naitwa Yusrah, natoka Dar es Salaam, kwenye jarida la Pindo. Nimeelekezwa kwamba hapa ndipo alipoishi Fundi H."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Yusrah alieleza kilichomleta. Pindo, jarida la mitindo ya kina mama, lilikuwa linatimiza miaka hamsini, naye amepewa kazi ya kuandika historia yake. Kila msomaji wa zamani aliyemhoji alimtajia ukurasa wa mwisho, wenye michoro ya kukatia magauni, uliotiwa saini "Fundi H., Kimamba".

"Ofisini hakuna anayemfahamu. Wanasema alikuwa mzee mmoja hivi, labda mtu wa reli. Nilitaka walau kujua amezikwa wapi."

Hildegarda aliweka mkasi chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee huyo ndiye mimi. Na kuzikwa bado."

Basi wakazungumza mchana kutwa. Alisimulia jinsi yeye, binti wa mkata mkonge, alivyotuma mchoro wake wa kwanza kwa posta, na jinsi alivyochora miaka minane mfululizo. Yusrah alirekodi kila neno. Alipouliza kwa nini aliacha, Hildegarda aliinuka akaleta toleo la mwaka themanini na sita.

"Tazama mkono wa gauni hili. Upana wa kwapani niliandika inchi kumi na mbili badala ya kumi na saba. Nilikosea mimi, si mtu wa mtambo wa kuchapa. Wakati ule kitenge kilitafutwa kwa tochi, na wanawake wakakata wakiniamini. Niliwaandikia Pindo wasahihishe. Wakajibu karatasi ni adimu. Nikaandika tena, hawakujibu. Nikaona aibu kuendelea. Hilo nalo uliandike."

"Mama, hili ni toleo la sherehe," Yusrah alisema kwa upole. "Mhariri anataka mazuri."

"Basi niacheni nife kama mzee wa reli."

Yusrah alitoka uani na simu yake. Hildegarda alimsikia akibembeleza, akinyamaza, akibembeleza tena. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Wamekubali. Ukurasa mzima wa masahihisho. Ila uuchore wewe mwenyewe."

Hildegarda aliharibu karatasi tatu. Ya nne ilipokamilika, alimwamuru binti asome vipimo vyote kwa sauti, mara mbili.

Toleo lilipotoka, majirani walikuja kuitazama picha yake. Wiki mbili baadaye akaja mgeni kutoka Mikumi, mama wa makamo aitwaye Naomi, amekumbatia mfuko.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema baada ya salamu. "Nilikata kitenge alichoninunulia mama, mkono ukagoma kupita. Mama alilia. Nikajua ushonaji sikujaliwa, sikugusa tena cherehani. Miaka yote hiyo, dada! Juzi ndiyo nasoma kwamba kosa halikuwa langu."

Hildegarda alimsogezea kiti. "Lilikuwa langu. Nisamehe."

"Nimeshasamehe tangu ndani ya basi." Naomi akatoa mfukoni kitenge kipya cha rangi ya machungwa. "Sasa nifundishe."

Hildegarda alimpa mkasi, kisha akakaa pembeni asimguse. Naomi alikata polepole, kisha akashona, ulimi nje kama mtoto wa shule. Mkono ulipopita begani bila kubana, alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia.

Jioni alirudi Mikumi akiwa amelivaa gauni lake, uzi mmoja ukining'inia mgongoni. Hildegarda aliuona, akauacha.