Kona Isiyofunikika

Hajja Wadha alilivisha tangi lake la maji kabla ya kujinunulia yeye mwenyewe soksi za baridi. Ulikuwa mwezi wa kumi, jua la Shobak bado lina nguvu, na waliopita njiani walimwona juu ya paa akilizungushia lile tangi la chuma blanketi kuukuu. Juu ya blanketi akaweka manyoya ya kondoo aliyoyafumua kwenye godoro lake la harusi, kisha magunia, kisha nailoni, kisha kamba mizunguko tisa. Walipomtania kwamba tangi limevishwa kuliko bibi harusi, aliwajibu kwamba bibi harusi ana mume wa kumpasha joto, tangi masikini halina mtu.

Alikuwa na sababu. Majira ya baridi yaliyopita bomba liliganda na kupasuka, na yeye, mjane wa miaka sitini na tisa, akapanda paani na birika la maji ya moto, akidhani barafu husikia maneno. Aliteleza akavunjika nyonga. Alilala juu ya theluji tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tano, hadi jirani yake, Hajji Khulaif, aliposhangaa kwamba bomba la moshi la nyumba ile halitoi moshi.

Tangu hapo mwanawe wa pekee, Mutlak, mwalimu wa hesabu huko Amman, alikuwa na neno moja tu: mama ahamie kwake. Hajja naye alikuwa na lake: hahami. Walibishana kwa simu tangu milozi ilipochanua mpaka matofaa yakavunwa. Mutlak alitaja hospitali, alitaja lifti, alitaja vipasha joto vya ukutani. Hajja alisema yeye si nguo mbichi hata apashwe joto ukutani. Mwisho walikubaliana hivi. Bomba likipasuka tena, Hajja atafunga nyumba na kumfuata mwanawe. Lisipopasuka mpaka theluji iishe, Mutlak hatalitaja tena jambo hilo maisha yake yote.

Neno hilo waliliweka usoni pa Hajji Khulaif. Ndiyo desturi: yeye akawa mdhamini, na atakayelivunja atakuwa amemvunjia uso yeye. Kule watu wameuza mashamba ili uso wa mdhamini usivunjike, kwa hiyo hapakuwa na mchezo.

Hajji Khulaif alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini kabla ya magoti kumkatalia ngazi. Alikuja kukagua kazi. Aligonga hapa, akavuta pale, akasifu mafundo ya kamba. Kisha akafika mahali bomba linapoingia jikoni, kwenye kona iliyobanwa katikati ya mawe mawili ya ukuta. Hapakuingia kidole, seuze blanketi.

“Adui atapitia hapa,” alisema.

“Nitie nini?”

“Hakuna cha kutia. Kukiwa na baridi kali, iache koki ya jikoni idondoshe mpaka asubuhi. Maji yanayotembea hayagandi.”

“Nidondoshe maji usiku kucha? Wewe Khulaif, maji yanakuja Jumanne kwa Jumanne! Mama yangu atafufuka aje anichape.”

“Akija mwambie na yeye alale jikoni, aone baridi ya siku hizi.”

Hajja alicheka, lakini usiku wa kwanza wa koki kudondosha hakupata usingizi. Maisha yake yote alikuwa adui wa koki inayovuja. Mutlak alipokuwa mdogo alipigwa vidole kwa ajili ya tone moja, na mara nyingi alitolewa kitandani, macho yamefumba, kwenda kukaza koki aliyoiacha ikilia. Alifundishwa kwamba maji hayafujwi hata ukitawadha ukingoni mwa mto, na Shobak haina mto. Basi Hajja akatafuta hila: akatega ndoo chini ya koki, akawa anaamka kabla ya alfajiri kuibadilisha, na maji yale akayafulia na kuoshea vyombo. Hakuna lililopotea, na roho yake ikatulia.

Baridi ya siku arobaini, ile wenyeji wanayoiita Arobaini, ikaingia. Siku ya kumi, salama. Siku ya ishirini, nyumba mbili za upande wa bondeni zikapasuka mabomba, ya Hajja salama. Siku ya thelathini alianza kutembea ameinua kidevu. Siku ya thelathini na moja redio ikasema baridi kubwa inashuka kutoka kaskazini, na Alhamisi hiyo, kabla barabara haijafungwa, gari la Mutlak likasimama mlangoni.

“Nimekuja kukuangalia, mama,” alisema, akambusu mkono na paji la uso.

“Niangalie basi. Mbona macho yako yako juu ya paa?”

Walikula dengu zilizopikwa kwa mtindi mkavu wa mbuzi, mkate wa moto ukivunjiwa humo humo. Mutlak alikula bakuli tatu.

“Huyo mkeo Ikhlas anakupikia nini?”

“Anapika vizuri, mama.”

“Ndiyo maana umekonda.”

“Nimeongezeka kilo nne!”

“Uvimbe huo, si mwili.”

Mutlak alicheka mpaka akapaliwa. Ilikuwa nafasi nzuri ya kumwambia habari za ile kona na koki na ndoo, lakini Hajja hakusema. Kusema kungekuwa kukiri kwamba nyumba ina mahali dhaifu, na huyu alikuwa anatafuta mahali dhaifu tangu ateremke garini. Alingoja mwanawe alale, akaifungua koki kidogo, akatega ndoo, akaenda zake chumbani. Ndivyo kiburi kinavyofanya kazi: hakipigi kelele, hunyamaza tu mahali ambapo neno moja lingetosha.

Asubuhi ya Ijumaa nyonga ilimuuma vibaya. Akatawadha kwa maji ya birika lililokuwa juu ya jiko la mafuta chumbani, akasali akiwa ameketi, akasinzia hapo hapo juu ya mswala. Alipoingia jikoni ilikuwa saa mbili. Ndoo ilikuwa imejaa, maji yako sawa na mdomo wake. Koki ilikuwa kimya. Aliigusa: ilikuwa imekazwa barabara, kwa mkono wa mtu anayejua kukaza. Akaifungua. Haikutoa kitu, hata pumzi.

Nyumbani walikuwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa amesinzia juu ya mswala. Hajja alielewa yote palepale. Mutlak aliamka kusali, akakuta ndoo inataka kumwagika, akafunga. Hakufikiri; angefikiri nini? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Hajja akaona uchungu na akaona fahari, vyote viwili kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na kipi.

Alianza na matambara. Aliyachovya katika maji ya moto, akayakamua, akayazungushia bomba pale linapotokeza ukutani, polepole, maana ukilipasha ghafla unalipasua mwenyewe. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Mutlak akaja akasimama mlangoni na glasi ya chai.

“Mama, unafanya nini?”

“Nasafisha.”

“Unasafisha bomba?”

“Kwa Ikhlas mabomba hayaoshwi?”

Mutlak aliangalia matambara, akaiangalia koki iliyoachwa wazi bila tone. Glasi ikasimama nusu ya njia kuelekea mdomoni. Hajja aliliona hilo. Aliona pia kwamba alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho, akatoka kwenda kuzoa theluji kwa sepetu mlangoni, mahali ambapo theluji ilikuwa imekwisha kuzolewa.

Saa tano jua likaupiga ukuta. Barafu ya ndani ikalegea, na mahali chuma kilipopasuka pakajulikana: kwenye kona ile ile. Maji yalibubujika kati ya mawe mawili, mengine yakaingia jikoni, mengine yakateremka ukutani hadi uani. Mutlak akapanda ngazi mbiombio akafunga koki ya juu, ya tangini. Zaidi ya nusu ya maji yalikuwa yamebaki humo. Aliposhuka alimkuta Hajji Khulaif tayari uani na fimbo yake, akiutazama ukuta kwa huzuni ya fundi.

“Koki haikudondosha?” aliuliza.

“Ilikuwa imefungwa,” Hajja alijibu.

“Nani alifunga?”

Mtoto hatahayarishwi mbele ya mtu wa nje, hata awe na mvi. Hajja hakusita.

“Mimi. Niliona uchungu wa maji.”

Hajji Khulaif akatikisa kichwa. “Hilo nililiogopa. Haya, Mama Mutlak. Ahadi ni deni, na hii iko usoni pangu.” Alimgeukia Mutlak. “Mama yako ni wako.”

Mutlak alikuwa anaitazama ncha ya kiatu chake. Alisema, “Ndiyo, ami.”

Walibaki wawili. Mutlak alipangusa sakafu ya jikoni, akaikausha kuliko ilivyohitaji. Akasema barabara huenda ikafunguliwa Jumapili. Akasema mama achukue nguo nzito tu, nyingine watanunua. Hajja alikaa juu ya godoro la sebuleni, mikono mapajani, akimsikiliza mpaka maneno yakamwishia.

“Nilisema ni mimi kwa sababu palikuwa na mtu wa nje,” akasema. “Sasa mtu wa nje ameondoka.”

Mutlak akasimama na tambara mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na masikio yakamwiva kama ya mtoto.

“Ni mimi,” alisema. “Alfajiri. Mkono ulifunga wenyewe, mama, wallahi sikujua.”

“Hilo najua. Nakuuliza la saa nne, ulipokunywa chai yako ukaenda kuzoa theluji mlangoni.”

Mutlak aliliweka tambara chini. Alipojibu, sauti haikuwa ya mwalimu.

“La saa nne nilijua. Nikajiambia, lipasuke. Mwaka jana walinipigia simu wakasema, ‘Mama yako tumemkuta juu ya paa.’ Simu ikakatika. Hawakusema mzima, hawakusema maiti. Kilomita mia mbili, mama. Niliendesha nikijua naja kuzika. Nilishachagua hata mahali pa kaburi, pale karibu na baba. Nikifika nakukuta hospitali unawagombeza wauguzi.”

Hajja hakuwa amelisikia hilo kabla. Mwaka mzima walibishana habari za lifti na vipasha joto, na mwanawe hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa anaogopa. Yeye naye hakuwahi kuuliza. Sasa alimwonea huruma, na hasira aliyokuwa ameiandaa ikakosa mahali pa kukaa.

“Nenda kamwambie Hajji,” alisema. “Uso wake usisimame juu ya uongo wangu.”

Mutlak alivaa koti akatoka. Alikaa huko kitambo cha sala mbili. Aliporudi alikuwa na theluji mabegani na uso wa mtu aliyekaripiwa sana.

“Amesema anayeharibu hadai. Unabaki kwako, na mimi nisilitaje tena. Ameniita punda mara tatu.”

“Mara tatu tu?”

“Mara ya nne aliniita punda wa shule.”

Hajja alicheka kidogo. Alikuwa ameshinda. Nyumba ilikuwa yake, mbele ya shahidi, mpaka siku yake ya mwisho. Alizitazama kuta, akamtazama mwanawe aliyekuwa anavua viatu taratibu, akikwepa macho yake.

Jumapili barabara ilipofunguliwa, Mutlak aliweka mkoba wake garini, akarudi ndani kuaga. Alimkuta mama amevaa koti kubwa, amejifunga shungi, na fundo la nguo liko miguuni pake.

“Panda ukafungue tangi,” Hajja alisema. “Koki ya chini, maji yatoke yote.”

“Yote? Mama, fundi wa bomba anakuja kesho…”

“Nyumba isiyo na mtu haiachiwi maji. Yataganda, tangi litapasuka, halafu mtaniletea mkataba mwingine.”

“Lakini umeshinda. Hajji amesema.”

“Nimeshinda, ndiyo. Mwenye kushinda huenda anakotaka. Nakaa kwako mpaka mlozi uchanue, si siku moja zaidi. Na jikoni kwa Ikhlas napika mimi.”

Majirani waliitwa. Walikuja na ndoo, madumu, sufuria, hata beseni la kuogea mtoto. Kila chombo cha mtaa kilijaa, na tangi bado lina maji. Mutlak akaifungua koki ya chini mpaka mwisho. Maji ya Jumanne yalishuka ukutani, yakavuka ua, yakapita chini ya lango hadi barabarani, kingo zake zikianza kuganda. Hajja alikuwa hajaona maishani mwake maji mengi hivyo yakienda bila mtu wa kuyanywa. Alilia kwa sauti, mbele ya majirani wote, mbele ya Hajji Khulaif. Mutlak alimwona kutoka juu, akauliza kama afunge. Hajja akamkatalia kwa kichwa, akaenda kukaa garini kumngoja.