Habari za Dirishani Kintinku

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili asije mtu akanitafutia mwenzangu wa kugawana naye. Treni haikuwa na kosa, stesheni masta hakuwa na kosa, na mke wangu Raheli kosa lake lilikuwa moja tu: alinituma mimi.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Raheli alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufunga kabisa, na la kushoto lilimwonyesha watu kama moshi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Manyoni Jumatatu, wapasue watu kwa wiki moja, waondoke, na kurudi tena ni mpaka Mungu apende. Nesi alitueleza kwamba mgonjwa akishapasuliwa hulala chali ametulia kama gogo: asikohoe, asiiname, asicheke. Aliposema asicheke, Raheli alinigeukia.

"Huyu asinisindikize," alisema. "Huyu atanipasua jicho upya. Namtaka Loyce. Loyce asipokuja, sipasuliwi, nitakaa na moshi wangu."

Loyce ni binti yetu, ameolewa Tabora, anafanya kazi ya kuchambua tumbaku kwenye kampuni ya mtu binafsi. Alikuwa amekwenda Dodoma kwenye harusi ya wifi yake, akatuma salamu kwamba Alhamisi atapita na treni, tumngoje stesheni. Kwetu Kintinku ndivyo tunavyoonana na watoto wetu siku hizi. Mtoto yuko dirishani, mzazi yuko chini amenyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji, na treni inasimama muda wa kumaliza kikombe cha uji, ikiwa uji umepoa.

"Usianze na mbuzi," Raheli aliniambia nilipokuwa navaa kandambili. "Nakujua. Anza na jicho."

"Nitaanza na jicho."

"Rudia."

"Jicho, mama. Jicho."

Nikaenda. Jua lilikuwa linachoma hata kivuli. Mimi reli naijua. Nimeipigia nyundo kwenye gangi, kundi la watengeneza njia, tangu ndevu hazijaota mpaka mwaka ule walipotupunguza, wakatupa kitu wanachokiita kiinua mgongo, mgongo wenyewe ukabaki palepale. Kwa hiyo nilijua treni itachelewa, na ilichelewa. Nikakaa juu ya kipande cha taruma la zamani pamoja na akina mama wauza karanga na mayai, miguu inaniuma, nikirudia moyoni: jicho, jicho, jicho.

Treni ikaja. Loyce alikuwa behewa la daraja la tatu, amechomoa kichwa na mkono mmoja, uso umechoka, kitambaa kimeteleza.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri. Habari za nyumbani?"

Hapa sasa ndipo watu wa pwani wanaweza kunicheka, lakini wa kwetu watanielewa. Ukiulizwa habari za nyumbani, unajibu nzuri. Nyumba ikiwa inaungua, nzuri. Kisha unapanda polepole kama treni inavyopanda mlima wa Saranda: unaanza na mvua, unakuja kwenye mifugo, unakuja kwa majirani, ndipo unafika kwenye jambo lenyewe, mwenzako akiwa amekwisha kukaa vizuri. Habari nzito haitupwi mlangoni kama kuni. Nilitaka kuanza na jicho, Mungu ni shahidi. Lakini nilipoutazama ule uso uliochoka nikaona nimpe kwanza kitu cha kumchekesha.

"Nzuri tu," nikasema. "Mvua imetukimbia, imekwenda kunyesha kwa Wanyaturu. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja anafanana na mchungaji wetu."

Loyce akacheka. Nikapata nguvu.

"Chrispin wa ng'ambo ya reli kaleta mashine ya kusaga. Siku hizi kila mtu tajiri, ruksa! Inasaga siku moja, inaugua siku mbili. Mama yako bado anatwanga uwele kwa mkono, anasema unga wa mashine unanuka dizeli. Bati la jikoni lilipeperuka, tukalikuta kwa jirani amekwisha kulitegemezea banda la kuku, anasema ni la kwake tangu zamani."

"Na mama mwenyewe?"

"Ndiyo nakuja huko. Mama yako..."

Honi. Behewa likavutwa, chuma kikagonga chuma. Nikaanza kutembea nalo.

"Mama yako hajambo, ila..."

"Sisikii, baba! Pokea mkate!"

Akanitupia mkate na furushi la chumvi. Nikadaka mkate, chumvi ikanipiga kifuani. Nikakimbia kidogo, kandambili moja ikabaki nyuma. "Jicho!" nikapiga kelele. "Jicho!" Mtu mmoja kwenye behewa la nyuma akanipungia mkono kwa furaha. Treni ikaondoka na binti yangu, naye anajua habari zote za mbuzi.

Nilisimama pale na mkate wangu. Sijui kama umewahi kuchoka mpaka ukaona hata aibu ni mzigo wa kesho. Nikaokota kandambili, nikaenda ofisini kwa stesheni masta.

Alikuwa kijana mgeni, Gasto, amehamishiwa kwetu majuzi, hamjui mtu. Nikamwomba anipigie simu ya reli Manyoni, wamshushe Loyce binti Mathayo, daraja la tatu.

"Niwaambie nini, mzee?"

"Waambie mama yake anaumwa. Ashuke, arudi nyumbani. Amchukue na kaka yake Chediel pale sokoni."

Jicho sikulitaja. Niliona haya kumweleza mgeni mambo ya ndani ya nyumba yangu. Gasto akaniangalia, akavua kofia.

"Pole sana, mzee."

"Asante, mwanangu. Ndiyo uzee."

"Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikaitikia haina. Nikaona kijana amelelewa vizuri.

Nyumbani Raheli alikuwa ameketi kizingitini anachambua choroko kwa vidole, maana macho hayamsaidii tena kazi hiyo.

"Umemwambia?"

"Ujumbe umefika. Anashuka Manyoni, anakuja na kaka yake."

"Ulianza na jicho?"

"Kula mkate, mama Chediel. Mkate wa Dodoma huo."

Akarudi kwenye choroko zake. Raheli akiacha kuuliza huwa amekwisha kujua.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliposikia lori likishuka kwenye njia ya stesheni. Kisha tukasikia kilio. Kilio cha mwanamke, kile cha mikono kichwani, kinakuja kuelekea kwetu. Majirani wakatoka. Marietha, jirani yangu yuleyule mwenye bati langu, akatupa mchi chini na kufunga khanga kiunoni. Raheli akainua kichwa, akasikiliza.

"Nani kafa?" akaniuliza.

"Sijui."

"Kilio kinakuja kwetu. Basi ni wa kwetu. Mungu wangu, nani?"

Akasimama akipapasa ukuta, akafunga khanga yake na yeye, akaanza kulia. Ndiyo mila. Kilio kikikukuta unakipokea kwanza, jina utaliuliza baadaye. Akalia kwa sauti nzuri tu, Marietha akamsaidia upande wa pili, na mimi nikavua kofia.

Loyce akatokea kwenye kona ya zizi, kichwa wazi, anayumba. Nyuma yake Chediel, mwanangu anayeuza mitumba Manyoni, na vijana wawili wa lori wamebeba mbao za mninga mabegani.

"Mama yangu! Mama yangu wee! Umeniacha na nani!"

"Loyce?" Raheli akasema katikati ya kilio. "Mwanangu, ni nani aliyekufa?"

Loyce akasimama. Nimeona treni ikifunga breki ghafla, lakini sijaona kitu kikisimama vile. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akakaa chini palepale kwenye mavi ya mbuzi. Vijana wa lori wakazishusha mbao polepole, kama watu walioingia nyumba siyo.

Nikaelewa yote kwa pamoja, na nikatamani nisingeelewa. Maana ni nani asiyejua? Kwetu hakuna mtu anayeambiwa amefiwa. Unaambiwa mama anaumwa kidogo, rudi nyumbani. Mimi mwenyewe nimewapakia wenzangu wa gangi kwenye treni kwa maneno hayohayo, huku nikijua kaburi limekwisha kuchimbwa. Na leo mke wangu alikuwa anaumwa kweli, na ukweli nimeupitisha kwenye mlango wa maiti.

Marietha alitangulia kucheka. Kisha akina mama wote. Raheli alikuwa anapapasa mbao.

"Hizi za nini?"

Akazigonga kwa kidole.

"Mninga," akasema. "Jeneza la mninga! Chediel, umenithamini. Ziwekeni kule darini, mchwa wasizile."

Majirani walipotawanyika, tulikula ugali na mlenda, mpaka Loyce aliposukuma bakuli.

"Baba, mimi nimelia tangu Manyoni. Wamenishusha kwenye treni kwa kuniita jina, behewa zima limenipa pole. Nimepiga simu kazini kutoka posta, nimemwambia bosi nimefiwa na mama yangu mzazi. Kanipa wiki ijayo nzima. Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie kafufuka," nikasema. "Ni Mkristo?"

"Baba!"

"Basi, yaishe. Nimekosa. Lakini wiki si unayo? Jumatatu mama anapasuliwa, wewe unakaa naye, Jumapili inayofuata unapanda treni. Mungu amenyoosha mstari kwa fimbo iliyopinda."

"Hayo ni maneno ya gangi," Loyce akasema. "Kazi za siku hizi sizo zile zenu, baba. Wewe ulikuwa unaugua mwezi mzima, nyundo yako inakungoja. Pale kwetu wanawake wanalala getini wakingoja mmoja wetu akohoe. Bosi akisikia nimekaa wiki kwa mama aliye hai, kwenye kiti changu nitamkuta mtu mwingine. Msiba anauelewa. Jicho hatalielewa. Kesho napanda treni, nikamweleze mapema kwamba yalikuwa makosa."

Nikamgeukia Chediel. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Mimi kesho mnada," akasema. "Na Jumatatu belo jipya la nguo linafunguliwa. Usipokuwepo belo likifunguliwa, unabaki na makoti ya baridi. Nani atavaa koti la baridi Manyoni? Jioni nitakuwa napita kumwona mama."

"Jioni," nikasema. "Na mchana atashikwa na nani?"

"Si upo wewe, baba."

"Mimi sitakiwi. Nachekesha."

"Basi usiseme kitu."

Hilo nalo niliwahi kulijaribu, wakati wa msiba wa baba mkwe. Nilinyamaza tangu asubuhi, na Raheli akacheka kwa kuniona tu nimenyamaza. Nikawaeleza hivyo, hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimechoka, na mzaha wa mtu aliyechoka ni kama unga wa mashine ya Chrispin, una harufu.

"Watarudi tena hao madaktari," Loyce akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mwakani. Nitaomba likizo vizuri, mapema. Mama, si unaweza kungoja?"

Raheli alikuwa ananawa mikono. Alikuwa ametuachia uwanja muda wote huo, uso ameuelekeza kwenye moto kwa sababu ndio kitu pekee alichokuwa bado anakiona vizuri.

"La kushoto nalo linafunga," nikasema mimi. "Mwakani atakuwa anawapapasa kama alivyopapasa mbao."

"Kwani sisi tumekataa, baba? Tunasema nafasi haipo," Chediel akadakia. "Mama, hebu sema mwenyewe. Nafasi ikikosekana, mtu afanyeje?"

"Chediel," Raheli akasema, "ulipoambiwa nimekufa, kibanda ulimwachia nani?"

"Nilifunga, mama."

"Bila kuuliza belo?"

Chediel akasukuma kuni motoni.

Raheli akajifuta mikono kwenye khanga, kidole kwa kidole, akawageuzia uso wote wawili, ingawa najua aliona moshi tu.

"Basi sikilizeni. Maiti yangu mliipa wiki nzima bila hata kuulizana. Wiki hiyo naichukua sasa, nikiwa hai, na siku nitakayokufa kweli, nendeni kazini."