Mdomo Unaoanzia Vidoleni

Alilaza yai la thelathini kwenye trei, akanong'ona, "Many eggs." Kisha akachota unga kwa bakuli. "Much flour."

"Shemeji, mayai unayasomea dua?" aliuliza mpishi mkuu, rafiki wa mumewe.

"Nasomea mtihani. Jioni narudia."

"Mara ya tatu?"

"Usinihesabie, shemeji. Hesabu yenyewe ndiyo inayoniua."

Jiko la hospitali lilikuwa likitafuta mtunza stoo. Alikuwa amemenya vitunguu humo miaka sita, na stoo aliijua hata gizani. Lakini fomu za kuagizia vitu zilikuwa za Kiingereza. Kama asingepata cheti cha shule ya jioni, kesho ufunguo wa stoo ungekwenda kwa mtu wa nje.

Mara zote mbili alikwama palepale: kipi ni cha "many", kipi ni cha "much". Usiku uliopita bintiye, aliposikia kwamba sukari haihesabiki, alimwaga kijiko kizima mezani akaanza kuhesabu punje. Alifika arobaini na moja, akapiga chafya.

"Kweli, mama," alisema huku akilamba mdomo. "Haihesabiki."

Mama alicheka hadi machozi. Akiwa anaikusanya sukari ile, akaona alivyoikinga kwa kiganja. Mayai huyaokota kwa vidole, moja moja. Mikono ilijua miaka yote, ila hakuna aliyeiuliza.

Jioni mwalimu aliweka picha ya jiko mezani. "Mikono nyuma," alisema kama kawaida yake. "Eleza unachokiona."

Ulimi ukawa mzito. Kalamu ya mwalimu ikagonga meza, ikagonga tena. Hapa ndipo alipoomba radhi na kutoka, mara zote mbili.

"Mwalimu, naomba nitumie mikono."

"Mama, huu ni mtihani wa mdomo."

"Najua, mwalimu. Mdomo wangu unaanzia vidoleni."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mikono ikatoka mgongoni. Vidole vikaokota hewani: "Many onions. A few plates." Viganja vikakinga: "Much rice. A little milk." Sauti ikapanda. Aliimaliza picha, akaendelea hadi kwenye rafu ambazo mchoraji hakuzichora, magunia, vikombe, mafuta, vijiko, kila kitu na mkono wake, kila mkono na neno lake.

"Inatosha," mwalimu alisema huku akiandika. Mama alikuwa bado anakinga chumvi. "Mama, inatosha. Ulifaulu zamani, kwenye maziwa."

Asubuhi mpishi mkuu alimsubiri mlangoni, ufunguo mkononi.

"Haya, mtunza stoo. Nahitaji unga."

"Kiasi gani, shemeji?"

"Makubwa! Leo naulizwa maswali."

Mama aliupokea ufunguo, akafungua. Mwanga ukamtangulia ndani, ukapita juu ya trei za mayai hadi kwenye magunia, na vumbi la unga likainuka taratibu. Akasimama kizingitini, akalikinga kwa viganja viwili.