Pipa la Oreste

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Zelinda aliuziba ufa wa sebuleni kwake mwaka hadi mwaka, na kila mvua ziliponyesha ulirudi mpana zaidi. Kwake ukuta ndio uliozaa ufa. Waetruski, watu wa kale wa Italia walioanzisha mji huu juu ya jabali kabla Roma haijawa Roma, walitoboa mifereji ndani ya mwamba ili maji yapite. Babu yake Zelinda, kwa tamaa ya ghala kubwa la mvinyo, akauziba mfereji wa chini ya nyumba yao kwa ukuta. Wengi mjini walifanya vivyo hivyo, wakapongezana. Sasa maji yalikuwa yakiula mwamba, na banda la kuku la jirani yake Nazzareno lilishaporomokea bondeni.

Zelinda akaapa kuubomoa ukuta ule. Tatizo ni kwamba mbele yake lilikaa pipa la marehemu mumewe, Oreste. Liliundiwa humo humo ghalani, mlangoni halipiti. Ndani mlikuwa na mvinyo wake wa mwisho, ambao zabibu zake alizikanyaga huku akikohoa. Zelinda hakuwahi kuuonja. Aliogopa kwamba ukiisha, Oreste naye ataisha.

Sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku ya kufungua mapipa, aliita mtaa mzima waje na majagi.

"Shemeji, kulikoni?" Nazzareno aliuliza. "Pipa hili ulikuwa hutaki hata nzi aliguse!"

"Kinga jagi, acha maneno. Leo ukuta wa babu unaanguka."

"Na babu yako akifufuka?"

"Nitampa sururu asaidie."

Watu walikunywa, machozi yakiwalengalenga. "Mtamu," alisema Nazzareno akijipangusa macho. Zelinda aliona wanamlilia Oreste, akawapenda wote. Akajiwekea kikombe kimoja, akashika shoka.

"Nipe mimi, shemeji. Utaumia."

"Nitaumia, ndiyo. Niache niumie mwenyewe."

Alilipasua pipa huku akilia waziwazi. Kisha wakaushambulia ukuta kwa zamu hadi ukaanguka, na maji yaliyokuwa yamekwama nyuma yake yakapita miguuni mwao, yakashika njia yake ya kale kwenda bondeni.

Ndipo Zelinda akanywa kikombe chake. Siki tupu.

"Nazzareno! Mwongo mkubwa wewe!"

"Shemeji," alijibu akijifuta kidevu, "mimi nimemaliza jagi zima."

Zelinda akacheka, akakiinua tena kikombe, akakimaliza.